Kariakoo kwa Baiskeli, Jua la Februari

Anayeishi Magomeni na kufanya kazi Posta hupigwa na jua usoni mara mbili kwa siku. Asubuhi huelekea mashariki likichomoza, jioni hurudi magharibi likizama. Abiria wa basi anaweza kugeuza shingo akasinzia. Mwendesha baiskeli hana pa kugeukia, kwa hiyo kuanzia Desemba hadi Machi, kaskazi inapovuma na joto la mchana kufika nyuzi 32, jua ndilo linaloniamulia saa ya kutoka, mtaa wa kupita na nguo ya kuvaa. Nayapenda maisha haya. Na miezi hii ya joto naipenda kuliko mingine yote, kwa sababu ndipo ninapowaona vizuri watu wanaoulisha na kuunywesha mji huu kwa magurudumu mawili.

Safari ninayoisimulia ni ya siku moja ya kazi, mwishoni mwa Februari.

Nilitoka saa kumi na mbili kamili, giza likiwa bado halijaachia. Saa hiyo hewa ya Dar es Salaam ni nzito kwa unyevu, unatoka jasho hata kabla hujapanda, ila lami imepoa usiku kucha na hilo pekee ni neema. Nilikuwa nimelowesha kanga nikaizungusha shingoni. Chupa ilikuwa na maji, ndimu na chumvi kidogo. Nguo za ofisini zilikuwa kwenye karia, zimefungwa na mpira, kwani begi la mgongoni ni adui wa msimu huu: linaziba upepo pale pale mwili unapouhitaji, na ukifika Posta mgongo mzima umelowa. Ofisini tuna bafu dogo, ndoo na kata. Robo saa baada ya kufika huwa nimeoga na kubadilisha, nipo mezani.

Baiskeli yangu ni mtumba wa Japani, ya kike, ina kikapu mbele, gia tatu na dainamo inayowasha taa. Si ya mashindano. Inapenda mwendo wa taratibu, nami msimu wa joto sitaki mwendo mwingine. Anayekimbia saa kumi na mbili asubuhi atalipa saa moja.

Toka Magomeni Mapipa unaingia Barabara ya Morogoro ukiwa na mwendokasi katikati. Mabasi haya yalianza kubeba abiria Mei 2016, kwenye njia za kilomita 20.9 zinazotoka Kimara hadi Kivukoni na matawi yake ya Morocco na Gerezani. Pembeni, pande zote mbili, zilijengwa njia za waenda kwa miguu na za baiskeli. Kazi ile nzima ndiyo iliyoipatia Dar es Salaam tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya mwaka 2018. Mimi nilifurahi kwelikweli. Kabla ya hapo, kuendesha baiskeli Morogoro Road kulikuwa ni kujikunyata kwenye ukingo wa lami huku daladala zikitanua na kukuchomekea, ukishukuru Mungu kila ulipovuka kituo.

Alfajiri njia yetu huwa tupu. Hakuna bodaboda iliyopita njia ya mkato, hakuna meza ya bidhaa, hakuna gari lililopandishwa juu. Niliendesha kushoto kwangu nikisikia cheni tu. Upande wa pili wa barabara nikaanza kupishana na wachuuzi wa samaki wanaotoka soko la Feri. Hawa hununua mnadani Magogoni kabla hakujapambazuka, wakapakia tenga au ndoo kwenye karia, wakafunika kwa gunia lililoloweshwa, na kukimbiza mzigo Magomeni, Manzese, hadi Tandale kabla jua halijakolea. Kwao kaskazi ni mbio halisi. Samaki aliyepoteza barafu saa tatu asubuhi ni hasara, na mama wa kukaanga anajua kumbonyeza kwa kidole.

Jambo moja linaonekana kwa yeyote anayewatazama: hawapiti kwenye njia ya baiskeli. Wapo chini, kwenye barabara kuu, pamoja na malori.

Bonde la Msimbazi pale Jangwani ndipo penye ubaridi kuliko mahali pengine pote njiani. Hewa ya usiku hutuama bondeni, ukishuka unaipata usoni na mikononi. Februari pamekauka, nyasi na mchanga tu, na mgeni anaweza asiamini kwamba masika ikija barabara hii hufungwa kwa maji na mabasi ya mwendokasi husimama. Siyo masika pekee. Desemba 2011 mvua ilinyesha siku mfululizo, bonde likajaa, watu wakafa, na familia nyingi za bondeni zikahamishiwa Mabwepande, mbali kaskazini mwa mji. Kila nikipita hapa asubuhi ya ukame huitazama mistari ya matope kwenye kuta zilizobaki. Kisha kuna mwinuko wa kutoka Jangwani hadi mataa ya Fire, mlima pekee wa safari yangu, na huo naupanda kwa gia ya chini bila haraka.

Fire ni njia panda ya maamuzi. Kulia ni Mtaa wa Msimbazi na Kariakoo. Kushoto ni Upanga, penye miti mikubwa. Ukizunguka huko unaongeza umbali lakini unapata kivuli, na jioni za Machi mara nyingi huona umbali huo unalipa. Asubuhi nanyoosha, DIT, Kisutu, nikaibukie Posta jua likiwa ndiyo kwanza linagusa mapaa ya maghorofa.

Ofisini, nikiwa naanika kanga dirishani, mwenzangu mmoja anayekuja na gari kutoka Tabata aliniuliza swali ambalo nimeshaulizwa na wengi. "Dada, nyie watu wa baiskeli mmejengewa njia yenu kwa gharama kubwa. Mbona bado mnajazana barabarani?" Nilimjibu majibu yangu ya siku zote: bodaboda zimeivamia, wenye maduka wamepanga bidhaa, machinga hana pengine pa kukaa. Majibu hayo ni ya kweli kuanzia saa mbili. Lakini wale wa samaki nilikuwa nimewaona saa kumi na mbili na robo, njia ikiwa nyeupe kabisa, na bado walikuwa chini kwenye malori. Nilikaa na swali hilo asubuhi yote.

Mchana nilikuwa na shughuli Kariakoo: bahasha na majalada ya ofisi, na tairi jipya la nyuma kwa ajili yangu. Sikupaswa kuchagua saa ile. Katika siku za mwisho wa Februari na mwanzo wa Machi jua la Dar es Salaam hupita juu ya utosi kabisa, na kilele chake si saa sita bali kati ya saa sita na nusu na saa saba. Wakati huo ghorofa kumi na nyumba ya chini vina kivuli sawa, yaani hakuna. Asubuhi au alasiri utapata upande mmoja wa mtaa wenye unafuu. Saa saba kasoro pande zote zinawaka. Mpini wa chuma unachoma viganja, tandiko jeusi lazima ulifunike kitambaa ukiliacha nje, na waendesha baiskeli wa kazi husimama. Wanaokwenda ni wenye injini.

Nilipita kwenye sanamu ya Askari, iliyosimama pale tangu 1927, nikavuka Barabara ya Bibi Titi na kuingia Mnazi Mmoja. Uwanja huu wa miti uliachwa wazi na wakoloni ili utenge mji wa Wazungu na Wahindi na mtaa wa Waafrika. Leo ndiyo kivuli cha watu wote. Chini ya mti nilimkuta kijana wa madafu ameegesha baiskeli, gurudumu la mbele limegeuzwa na gongo limekita chini ya fremu kuzuia mzigo usiangushe kila kitu.

"Karibu mama. La maji au la nyama?"

Nilitaka la maji. Alilikata kwa panga mapigo machache, nikanywa nimesimama, akalipasua na kunichongea kijiko cha ganda, nikakomba utando wake laini. Tukazungumza. Huchukua mzigo Mbagala alfajiri, madafu yakitoka Mkuranga, na husukuma zaidi ya anavyoendesha. Dafu bichi halipungui kilo moja na nusu. Akipakia hamsini ana kilo 75 au zaidi juu ya gurudumu la nyuma, kabla hajajihesabu yeye mwenyewe. Nikamwuliza kuhusu jua.

"Kaskazi ndiyo mavuno yetu, mama. Mvua ikinyesha nani atakunywa dafu? Shida ni kusimama. Ukiona kivuli kizuri, ujue kuna mtu atakuja kukufukuza."

Nilimwuliza pia kwa nini hapiti kwenye njia ya baiskeli anapokwenda kuuza upande wa Magomeni. Alicheka, akatazama mzigo wake, akasema, "Pale siwezi." Mteja mwingine akaja, mazungumzo yakaishia hapo.

Toka Mnazi Mmoja hadi ndani ya Kariakoo unashuka na kukokota. Mtaa wa Uhuru bado unaendesheka; ukikata Kongo au Mchikichi, mguu ndio usafiri. Wauza vitambaa, vyombo, chaja, mabegi, viatu, wote wamesogea hadi katikati, na juu yao miavuli imeshonana hata mwanga wa mchana ukawa wa rangi rangi. Wapagazi wanapiga mluzi na kulia "mguu, mguu!" Guta za matairi matatu zinapita na marobota yaliyozidi kimo cha mwendeshaji. "Dada wa baiskeli, karibu!" "Anti, hiyo unauza?" Mwanamke mtu mzima juu ya baiskeli bado anaitiwa Kariakoo, lakini ninavyosikia mimi miaka hii, kejeli imepungua na hongera zimeongezeka. Mama mmoja wa vitenge alinishika mkono akaniambia na yeye aliendesha kwao Tabora kabla hajaolewa, na kwamba anatamani.

Eneo hili limekuwa la kubeba mizigo kwa zaidi ya miaka 100. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia Waingereza waliweka hapa kambi ya wapagazi wao, Waafrika waliokusanywa kubeba chakula na risasi za jeshi, na maelfu kwa maelfu ya wapagazi wa vita ile walikufa kwa maradhi na njaa porini. Nyumba za Kiswahili za vyumba sita na ukumbi katikati, zilizojaza mitaa hii baadaye, sasa ni chache. Maghorofa yamezibana. Jengo moja liliporomoka Novemba 16, 2024 asubuhi watu wakiwa kazini, na zaidi ya watu 20 wakapoteza maisha. Nikipita karibu na pale huwa nashuka hata kama mtaa una nafasi.

Soko lenyewe ni kazi ya Beda Amuli, msanifu majengo aliyezaliwa Tanganyika, likafunguliwa 1975. Paa lake la miavuli ya zege iliyopinduliwa kuelekea juu lilibuniwa na mtu aliyeielewa hali ya hewa ya hapa: hewa ya moto inapanda na kutoka, upepo unaingia pembeni, na chini kuna ghorofa la shimoni ambako mizigo ya jumla ilishushwa mbali na jua. Moto wa Julai 10, 2021 uliliunguza, ukafuata ukarabati mrefu. Nalitaja kwa sababu ni jengo la nchi hii lililofikiriwa kwa ajili ya mzigo: gari litaingiaje, gunia litashukaje, nyanya itakaa wapi isiive kabla ya kuuzwa. Natamani barabara zetu zingefikiriwa hivyo hivyo.

Bahasha nikapata. Tairi nikapata pia, baada ya kubishana bei na kuondoka hatua tatu. Fundi wangu, mzee wa Kisukuma aliyekuja mjini kutoka Shinyanga ujanani, hukaa kwenye pembe ya mtaa chini ya mwavuli mkubwa uliofifia. Nikamwamkia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Saa hii sifungui gurudumu. Solusheni inakauka kabla sijabandika kiraka. Lete jioni."

Akanikanya kama anavyonikanya kila kaskazi: nisikaze upepo kupita kiasi, nisiiache baiskeli juani, maana kiraka cha zamani huachia kwa joto.

Saa kumi na moja na nusu nilirudi. Kariakoo ya saa hiyo ni nyingine. Maghorofa yaliyokuwa tanuri mchana yamemwaga kivuli mtaani, upepo wa bahari umefika, na watu wanatembea kwa mabega yaliyolegea. Muuza kahawa alipita akigonganisha vikombe. Nikanunua na kashata, nikakaa kwenye benchi la fundi. Alikuwa ameshalitoa tairi langu, tyubu iko mkononi, alipoingia kijana wa mikate akikokota. Sanduku lake la mbao nyuma lilikuwa limejaa nusu, na gurudumu la nyuma lilikuwa linayumba kushoto na kulia likisugua fremu.

Fundi aliweka tyubu yangu chini. "Mwanangu, utanisamehe. Wewe unarudi nyumbani. Huyu mikate yake inasubiriwa." Alikuwa na haki, nami nikasogea kumpisha kijana akae.

Aliipindua baiskeli, akazungusha gurudumu, akaanza kugusa spoku moja moja kwa kucha, akisikiliza. Zilizokatika zilikuwa upande wa cheni. Akanionyesha bila kuulizwa. Upande huo, alieleza, ndio unaovutwa na mguu na ndio uliokazwa zaidi, kwa hiyo ndio unaokufa kwanza mzigo ukidunda. Halafu akamwuliza kijana, "Leo ulipita juu?" Kijana akakiri: alipita kwenye njia ya baiskeli ya Morogoro Road kwa sababu lori lilikuwa linamsukuma kwa honi.

Hapo ndipo nilipopata jibu la swali la asubuhi, kwa mtu anayelijua kwa vidole vyake. Njia ile, alisema mzee, ni nzuri kwa baiskeli kama yangu. Lakini kila kichochoro kinapoingia barabarani inakatika: unashuka ukingo, unavuka, unapanda ukingo. Mimi nainua matako kidogo, baiskeli inaruka, naendelea. Mwenye kilo 80 nyuma hawezi kuinua chochote. Kila ukingo unapiga spoku, na akijaribu kupanda wa pili gurudumu la mbele linanyanyuka na mzigo unamlaza. Tena kuna nguzo fupi zilizowekwa kuzuia magari. Baiskeli inapita katikati yake, tenga la samaki halipiti, sanduku la mikate linapita kwa kukwaruza. "Mimi nikiletewa gurudumu," alisema, "najua limetoka njia gani. Wa barabarani wananiletea tairi lililochanika kwa vyupa. Wa juu wananiletea spoku."

Nimehudhuria mazungumzo kadhaa kuhusu baiskeli mjini hapa, na nawaheshimu sana watu wa UWABA, umoja wa waendesha baiskeli wa Dar es Salaam, ambao wamefanya misafara mitaani mwaka baada ya mwaka wakidai njia salama. Lakini sijawahi kusikia jambo la ukingo likielezwa kwa uwazi kama alivyolieleza mzee yule akiwa na koleo mdomoni. Mji wenye watu milioni 5.38 kwa sensa ya 2022 unapokea samaki, mikate, maziwa na madafu yake kwa baiskeli zilizopakia, kisha unazijengea njia kwa kipimo cha baiskeli tupu. Mhandisi atakayechora njia ijayo aje Kariakoo, apakie madafu hamsini, aendeshe hadi Magomeni kabla hajashika kalamu. Nasema hivi kwa dhati, na niko tayari kumkopesha kanga ya shingoni.

Mzee aliweka spoku mpya, akanyoosha ringi kwa jicho huku ameshika kipande cha chaki pembeni yake, akamkabidhi kijana baiskeli na kukataa malipo yote mara moja: nusu leo, nusu Ijumaa. Kisha akarudi kwenye tyubu yangu. Alipomaliza jua lilikuwa limeshuka nyuma ya majengo na dainamo yangu ilikuwa na kazi.

Nilipanda Msimbazi hadi Fire, nikakata kushoto. Kaskazi ilikuwa inanipiga upande wa kulia, kwa nyuma kidogo, na mteremko wa Jangwani uliniteremsha bila kukanyaga. Mbele yangu nikaliona lile sanduku la mbao. Kijana wa mikate alikuwa kwenye barabara kuu, karibu na ukingo, hana taa, magari yakimkwepa kwa honi. Njia ya baiskeli ilikuwa pale kushoto kwake. Niliteremka barabarani nikakaa nyuma yake, taa yangu nyekundu ikiwaka. Aligeuka mara moja, akaniona, akaendelea kukanyaga. Tulivuka daraja hivyo, tukapita Mapipa, hadi mataa ya Magomeni alipoinua mkono na kukata kushoto kuelekea Kigogo, ambako maduka yalikuwa bado wazi.